Mtetemo wa Surf ya Rabson

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimelichukua gari. Surf ya kaka yangu Rabson iko uani kwangu hapa Tunduma, pua yake karibu iguse ukuta. Nimeliendesha mwenyewe kutoka Vwawa, mchana kweupe, na majirani wa marehemu walinitazama kana kwamba nimebeba jeneza kichwani.

Niandike sababu, hasira ikiwa bado ya moto. Rabson alifariki mwezi Mei, usingizini. Moyo, alisema daktari. Tangu mazishi gari lake likifika kilometa themanini kwa saa linatetemeka. Baba mdogo Damiano ameshatoa hukumu: linatetemeka kwa sababu ya Recho, mjane. Marehemu anamkataa aliyemuua. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 19, kuna kikao cha ukoo Itaka. Recho atatakiwa aondoke kwenye nyumba ya Vwawa, na watoto wabaki. Watoto wabaki! Shahidi ni gari.

Nusu ya maisha yangu nimeandika magazetini dhidi ya takataka za aina hii. Nimegombana na wapiga ramli, na manabii wauza mafuta, na mhariri mmoja aliyenishauri nipunguze makali. Sasa takataka zimeingia kwetu, zimevaa matairi manne. Vizuri. Nitautafuta ubovu, nitaupata, nitauweka katikati ya kikao waushike kwa mikono.

Niseme na hili, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilipokuwa peke yangu barabarani mtetemo ulikuja. Kwanza kwenye nyayo, halafu kwenye kiti, mwisho kwenye meno. Haukuwa mkali. Nilipoachia mafuta ukaondoka polepole, kama mtu aliyekuwa ameshika kiti changu kwa nyuma na sasa ameamua kuachia.

Ni chuma. Chuma kina sababu.

Alhamisi, 10 Julai

Gereji ya Osward, nyuma ya foleni ya malori ya mpakani. Fundi mwenye maneno mengi kuliko spana. Alilizunguka gari, akapiga teke tairi, akasema matairi hayana balansi. Tukasawazisha. Akasema rimu ya nyuma imepinda. Tukabadilisha. Hakuna kilichobadilika.

Nikamwambia anakisia. Akaniambia gari hili linataka kustaafu na mimi nataka ligombee ubunge. Wenzake wakacheka sana. Na mimi nilicheka, lakini baadaye, nikiwa njiani.

Mchana nilimfuata Recho Vwawa. Nilitaka kulisikia akiwa ndani. Alikataa kukaa mbele; alisema hajakaa mbele tangu afiwe na hataanza leo. Akakaa nyuma, katikati, mikono mapajani. Amekonda. Tukatoka mjini.

Sitini, kimya. Sabini, kimya. Themanini – Mungu wangu. Sio ule wa Jumanne. Chupa ya maji ilitambaa kwenye dashibodi ikaanguka. Mlio ulitoka chini ya sakafu, mzito, wa kifua cha mwanamume anayesafisha koo bila kumaliza. Nikatazama kioo cha ndani kumwona Recho. Kioo kilikuwa kinatetemeka kwa kasi hata sura yake ikawa mbili, moja juu ya nyingine kidogo, na zote mbili zilikuwa zinanitazama.

Najua kwa nini kioo kinachotikisika kinatoa sura mbili. Mtoto wa darasa la saba anajua. Naandika tu kwamba nilitoa mguu haraka mno.

Recho aliniuliza, taratibu: "Umeona, wifi?"

Nikamjibu nimeona kioo kibovu.

Jumamosi, 12 Julai

Osward ameshusha propela, ule mhimili mrefu unaotoa nguvu kwenye gia boksi kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Krosi zake zote mbili, vile viungo vya kwenye ncha, zilikuwa zimelegea kidogo. Akaweka mpya. Akajisifu kwa umakini wake: alichora alama za chaki kabla ya kufungua, ili kila kipande kirudi pale pale kilipokuwa. Akaweka na mauntingi mpya, zile raba zinazoshikilia gia boksi. Nikalipa bila ubishi, jambo lililomshtua.

Kuhusu uzito aliniambia kitu cha maana. Mtu akikaa nyuma, mkia unashuka, propela inakaa kwa pembe nyingine, na kama kuna ubovu utapiga kelele zaidi. Nilitaka kumkumbatia. Basi kumbe si Recho! Ni kilo za Recho!

Nikapakia magunia mawili ya kahawa kutoka stoo ya Rabson, nikaenda barabara kuu. Likatetemeka vile vile kama lilivyofanya na Recho. Krosi mpya, mauntingi mpya, na bado. Lakini sikujali. Nilisimama pembeni nikampigia baba mdogo simu, nikamweleza kwamba sasa marehemu anakataa magunia.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kahawa hiyo aliichuma nani.

Recho, bila shaka. Recho ndiye aliyeivuna yote msimu huu.

Aliniacha nijijibu. Nimebishana na maprofesa redioni, hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kwa swali dogo hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Tangu nigombane na mchungaji pale kaburini, nikaondoka mazishi hayajaisha, naona tupumzishane.

Nilikuwa mezani nasoma. Chai kwenye kikombe ikaanza kutoa duara ndani ya duara. Kisha kiwiko changu kikausikia – mtetemo ule ule, mzito, wa chini. Lori limewashwa barabarani, bila shaka. Mtaa huu malori yanalala na injini zinanguruma. Nikatoka getini kuhakikisha. Malori yapo, mstari mzima. Madereva wamekaa kwenye kivuli wanacheza drafti. Mmoja, Mzambia, akanisalimu kwa lugha ya kwao, "Shani mayo." Nikamuuliza ni lori gani limewashwa.

Akatazama mbele, akatazama nyuma. Akasema hakuna, foleni haijasogea tangu asubuhi.

Lilikuwepo moja mbali, halikuonekana. Lazima lilikuwepo.

Jumanne, 15 Julai

Vwawa, kutwa nzima. Nimegundua watu wa sokoni wanaujua ule mlio. Nikipita, mama muuza parachichi anainamisha kichwa. Kondakta mmoja alimwambia mwenzake, sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja ratiba: "Rabson huyo anapita."

Nilisimamisha gari nimpe somo. Akaniamkia kwa adabu, shikamoo mama, pole na msiba. Utamfokea vipi mtu wa namna hiyo? Nikasema marahaba nikaondoka.

Lakini hasira ilinisaidia kufikiri. Wote wanasema lilianza kwenye mazishi. Mimi nimekuwa nabisha hilo kwa sababu wanalitaja kwa upuuzi. Mpumbavu ni mimi! Kama lilianza kwenye mazishi, basi lilianza kwenye mazishi. Swali ni moja tu: pale mazishini gari lilifanywa nini?

Nikaenda kwa shangazi Nesta. Alikuwa anachambua maharage. Alinishangaa kwamba mtoto wa ukoo huu sijui, kisha akakumbuka niliondoka mapema kwa ugomvi wangu, akacheka hadi akafuta macho.

Gari ndilo lililombeba Rabson kutoka Vwawa hadi Itaka. Na kwa ukoo wetu, chombo kilichomleta marehemu hakirudi kwa nguvu zake chenyewe. Zamani ilikuwa mkokoteni, ulirudishwa kinyumenyume na watu, ng'ombe wakiongozwa mbali. Siku hizi gari huvutwa, injini imezimwa. Marehemu asije akausikia mlio anaoufahamu akainuka kuufuata.

Nikamuuliza lilivutwa na nani.

Na trekta la Damiano, akasema, kwani kuna trekta jingine? Na kwa kuwa gari ni la otomatiki, mtu mmoja alionya kwamba likivutwa hivyo hivyo gia boksi itaungua. Basi Damiano akaingia chini yake, akalitoa lile bomba refu – propela! – akalitia kwenye gunia, akalibeba kwenye trekta. Walipofika Vwawa akalirudisha mwenyewe.

Niliacha chai yangu imejaa.

Jumatano, 16 Julai

Nimelala chini ya gari na Osward, kichwa kwa kichwa, tukigombana kama mke na mume. Nilimwambia apuuze alama zake za chaki. Akasema bila alama propela itarudi vibaya. Nikamwambia ilikuwa vibaya kabla hujachora, na wewe umelirudisha kosa kwa uaminifu mkubwa.

Akaifuta chaki kwa kidole gumba. Kisha akatukana, lakini alikuwa anajitukana yeye.

Nijieleze vizuri, ili Jumamosi nisibabaike. Propela hii ni vipande viwili vilivyochomekana, meno ndani ya meno, ili iweze kurefuka na kufupika gari linapopita kwenye mashimo. Kila ncha ina kichwa chenye umbo la panda ya manati. Panda ya mbele na panda ya nyuma lazima zilale sawa. Zikipishana, kila mzunguko unapiga teke badala ya kuteleza. Zetu zilipishana wazi, ukiinama unaona. Ndani ya lile gunia vipande vilichomoka. Damiano akavichomeka tena bila kutazama.

Osward akavichomoa, akazungusha, akachomeka. Tukafunga. Tukapakia mahindi ya sokoni, ya mtu tusiyemjua kabisa – nilihakikisha! – tukaingia barabarani.

Sitini. Sabini. Themanini. Tisini. Kimya. Sindano imetulia, chupa imetulia, kioo kama maji ya kisima. Osward akaanza kuimba pambio. Mimi nilikuwa nalia na sikumwambia.

Mikono iliyofunga gari vibaya ndiyo mikono inayomnyooshea Recho kidole. Ningeitunga hii wangesema nimezidisha.

Alhamisi, 17 Julai

Itaka, kwa baba mdogo. Nilikuta ameanika kahawa. Nikamweleza yote, panda, meno, gunia. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Aliniomba nichore kwenye vumbi, akachuchumaa, akatazama mchoro kwa makini sana, akakubali. Ndiyo, vilichomoka. Ndiyo, alivirudisha yeye. Ndiyo, inawezekana kabisa alikosea.

Nikasema basi tumemaliza.

"Trekta nalifungua na kulifunga tangu wewe ukiwa bado shule," akasema. "Sijawahi kukosea jino hata moja. Siku ile, na gari lile, nikakosea. Jiulize, Enesi, nani alinishika mkono."

Nilikasirika mpaka nikaona mawenge. Nikamwambia anamwonea mwanamke, anataka shamba la Rabson. Hapo macho yake yakajaa machozi. Akasema alimlea Rabson tangu akiwa na miaka minne na shamba analo la kumtosha. Anachotaka ni kujua kijana mzima analalaje akiwa mzima na kuamka maiti. Nilimwamini. Ningependa nisingemwamini, ingekuwa rahisi zaidi.

Kisha akatoa ombi. Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao, tupande wote: mimi usukani, yeye mbele, shangazi Nesta na Recho nyuma. Tutoke Vwawa kuelekea Mlowo kwa themanini. Gari likitulia na Recho ndani, atasimama mbele ya ukoo aombe radhi na hatasema tena maisha yake yote.

Likitetemeka, je? Akasema likitetemeka na mimi ninyamaze.

Nikampa mkono. Upesi! Nilikuwa na jibu mfukoni, nilishalijaribu kwa magunia, ningeogopa nini?

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya nini?

Asubuhi nilipita kwa Osward kumshukuru. Nikamweleza kuhusu kesho. Akaacha kufuta mikono. Akasema, Mwalimu – ndivyo anavyoniita tangu nimsahihishe – gari lile limepigwa mateke toka Mei. Beringi za difu, kile kichwa cha gia katikati ya magurudumu ya nyuma, lazima zimeumia. Juzi zilinyamaza, kesho zinaweza kunyamaza, au zinaweza kuanza kuimba zenyewe, hakuna ajuaye. Alishauri tufungue difu. Vipuri ni mpaka viagizwe Mbeya, kazi ni ya siku kadhaa.

Nikaenda kulijaribu peke yangu. Ukungu ulikuwa mzito kule juu, malori yamewasha taa saa nne asubuhi. Kwenye themanini, kimya. Kisha kwenye mteremko nikasikia kitu. Kitu kidogo. Si ule mtetemo, ni sauti nyingine, nyembamba, inayotoka mbali nyuma, kama mtu anayesoma kwa midomo. Nilipofungua dirisha ikapotea kwenye upepo. Nilipofunga haikurudi. Nilikwenda na kurudi kipande kile mpaka mlinzi wa kiwanda cha kukoboa kahawa akasimama kunitazama.

Nikarudi nyumbani. Nimekaa kwenye kiti, na hapo ndipo nimeiona sura ya jambo lenyewe.

Zamani katika nchi hizi mtu akishutumiwa uchawi alinyweshwa mwavi. Akitapika, hana hatia. Akifa, alikuwa nayo. Nimeandika makala ngapi juu ya mwavi! Nimewaita walioutoa kila jina la aibu lililomo katika Kiswahili. Na jana, kwenye vumbi la Itaka, nimeupokea kwa mikono miwili nikasema asante. Nimekubali kwamba hatia ya mwanamke iamuliwe na difu kuukuu. Damiano hakunishinda. Nilimfuata mwenyewe mpaka kwenye uwanja wake, nikiwa na spana mkononi na furaha moyoni. Gari likitulia kesho, halitathibitisha kwamba magari hayahukumu. Litathibitisha kwamba yanahukumu, na safari hii limemwachia.

Na lisipotulia?

Nimempigia Recho mara tatu kumwambia tusiende. Hapokei. Ametuma ujumbe mmoja: nguo nimeshapiga pasi, wifi, tutaonana asubuhi.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekaa kwenye kisiki, chini ya mikaratusi, kabla ya kufika Mlowo. Gari liko pembeni ya barabara, hatua chache. Wamo ndani. Niliwaambia naomba kujisaidia.

Tulitoka Vwawa watu wanne. Shangazi Nesta alishika Biblia bila kuifungua. Recho amevaa kitambaa cheupe kichwani, amekaa pale pale, katikati. Ukungu ulikuwa unapasuka. Sitini. Sabini. Baba mdogo aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, kimelala, kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso.

Sindano ilikuwa inakaribia themanini na nikahisi kitu kwenye usukani. Au kwenye mikono. Naapa sijui. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka tangu tulipoanza safari, na chuma kilikuwa ndani ya mikono yangu, na sikuweza kupata mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Niliachia mafuta. Nikasogea pembeni, nikazima.

Nikawaambia hapana. Nikasema gari si hakimu, mimi nilikosea kukubali, nitasema hivyo mbele ya ukoo na wanipige mawe wakitaka. Baba mdogo hakucheka. Aliniuliza tu nimesikia nini. Nikasema sijasikia kitu. Akasema, "Basi mbona umesimama?"

Nikasingizia haja, nikashuka.

Recho alinifuata huku. Nilidhani amekuja kunishukuru. Nilianza kumweleza: tutakwenda kikaoni kwa sheria, namfahamu wakili Vwawa, nyumba ni ya ndoa, watoto hakuna wa kuwagusa. Aliniacha nimalize. Anajua kwamba siwezi kukatizwa. Kisha akasema, bila kulia:

"Jioni ile tuligombana, wifi. Nilimwambia lala usiamke."

Nikamwambia hayo ni maneno. Watu wanasemezana hivyo kila siku, nyumba zote, hakuna anayekufa. Nikamwambia moyo ulikuwa mgonjwa, daktari alisema, maneno hayaingii kwenye mshipa wa damu. Nilisema vizuri. Nilisema kama ninavyoandika. Aliniangalia kwa huruma, mimi, kama mtoto anayejisomea shairi kwa sauti.

"Kwa hiyo usinisaidie tena," akasema. "Rudi ukanyage mafuta. Hata mimi nataka kujua."

Amerudi garini. Nimemwona akifunga mlango, akivuta mkanda, akirekebisha kitambaa.

Nimetafuta hoja na sina. Nimekuwa na hoja tangu nijue kusoma. Nikikataa kuendesha, atabeba neno lile mpaka kaburini bila kujibiwa. Nikiendesha na likatulia, ataishi kwa huruma ya beringi. Nikiendesha na likatetemeka, nitamweleza habari za difu, na ataniitikia ndiyo, wifi, na kesho yake atafunga mizigo yake mwenyewe bila kungoja kufukuzwa.

Lori limepita, majani yametikisika, yametulia.

Baba mdogo ameshusha kioo. Ananitazama tu. Anayeniita ni Recho.